Bahasha ya Njano

Aliyekulia Dodoma au Kisumu amezoea kwamba barua haimfuati mtu nyumbani. Ina sanduku lake posta, na mwenyewe huenda kuichukua siku akipata nafasi, au hupitia sanduku la shule, la kanisa, la ofisi ya mjomba. Ujerumani barua inakujia mlangoni, na inakutafuta kwa jina. Majengo mengi ya kupanga hayana namba za vyumba. Mpeleka barua anasimama mbele ya safu ya visanduku vya chuma pale ukumbini chini, anasoma majina yaliyobandikwa, na asipoliona lako anairudisha barua ilikotoka. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepangishwa chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu mwingine na aifanye kazi hii siku ya kwanza, kabla hata ya kutandika kitanda: aandike jina lake la ukoo kwenye kipande cha karatasi, alibandike kwenye kisanduku, na kwenye kengele pia. Siku moja huenda akakuta humo bahasha ya njano. Hiyo ni barua rasmi ya ofisi ya serikali au mahakama, na juu yake kuna nafasi ndogo ambapo mpeleka barua ameandika tarehe kwa kalamu. Hesabu ya siku ulizopewa kujibu inaanzia hapo. Sheria inachukulia kwamba barua imekufikia siku ilipotumbukizwa kisandukuni, hata kama ulishinda maktaba hadi usiku, hata kama ulikuwa Arusha unakusanya data, hata kama huelewi neno moja la yaliyoandikwa ndani.

Nimeanza na bahasha hiyo kwa sababu inabeba hoja yangu yote. Kila mwaka vijana wetu wanakwenda Ujerumani kwa shahada ya uzamivu wakiwa wameambiwa, na tangazo la nafasi likathibitisha, kwamba lugha ya kazi ni Kiingereza. Wengi wanaamua papo hapo kwamba Kijerumani ni pambo, kitu cha kujifunza tasnifu ikiisha. Ninawasihi wasiamue hivyo. Tangazo lilisema kweli, lakini lilizungumzia maabara na semina. Maisha yanayokuwezesha kuamka asubuhi ukaingia maabara yanaendeshwa kwa Kijerumani, na maisha hayo yakivurugika utafiti huvurugika nayo. Kijerumani cha nyumbani na cha ofisini, hata cha kuungaunga, kihesabiwe pamoja na darubini, kompyuta na ruhusa ya maadili ya utafiti: ni kifaa cha kazi.

Tazama miezi mitatu ya mwanzo. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia unatakiwa kuandikisha makazi yako kwenye ofisi ya mji, ile shughuli ambayo kila mgeni hulijua jina lake haraka, Anmeldung, ukienda na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Bila uandikishaji huo mambo mengine hukwama, kuanzia namba ya kodi hadi kibali cha ukaazi. Kisha bima ya afya, ambayo ni lazima kwa kila mkazi. Kisha ofisi ya wageni. Kisha mkataba wa pango, na kwa walioajiriwa na chuo, mkataba wa kazi. Sheria ya utawala ya nchi hiyo inasema wazi kwamba lugha ya ofisi za serikali ni Kijerumani. Karani mwema anaweza kukusaidia kwa Kiingereza, na wako wengi wema, lakini halazimiki, na karatasi atakayokukabidhi haitakuwa ya Kiingereza. Mkataba wa kazi mara nyingi huja na tafsiri ya Kiingereza pembeni, ikiwa na maelezo madogo kwamba tafsiri ni ya kukusaidia tu na kinachofunga ni maandishi ya Kijerumani.

Mfano unaowaumiza wengi ni ada ya redio na televisheni ya umma. Ni euro 18.36 kwa mwezi, na hutozwa kwa nyumba, haitozwi kwa kifaa wala kwa kichwa. Baada ya kuandikisha makazi, jina lako linakwenda kwa watoza ada, nao wanakuandikia. Mwanafunzi anaona neno linalofanana na redio, anatazama chumba chake kisicho na redio wala televisheni, anaamua barua haimhusu, anaitupa. Inakuja ya pili, inakuja ya tatu ikiwa na tozo ya kuchelewa, deni linakua. Kumbe kama anaishi na wenzake watatu na mmoja wao tayari analipa, alichotakiwa kufanya ni kujibu barua ya kwanza kwa kutaja namba ya malipo ya huyo mwenzake, basi, jambo likaisha. Hakukosa fedha wala akili. Alikosa sentensi moja.

Barua za namna hii zina umbo lisilobadilika, na hiyo ni faraja. Juu kulia pana tarehe na namba ya jalada. Ukiona kichwa chenye neno Bescheid, jua huo ni uamuzi umeshafanyika, hiyo si taarifa tu. Usianze kusoma juu. Nenda mwishoni kwanza, kwenye aya inayoeleza haki yako ya kupinga. Humo mna neno Widerspruch au Klage na muda uliopewa, na kwa kawaida muda ni mwezi mmoja. Kwa barua ya kawaida ya ofisi, tangu 2025, sheria huihesabu kuwa imekufikia siku ya nne baada ya kutiwa posta. Aya hiyo ikikosekana kabisa, muda wa kupinga hurefuka hadi mwaka mzima, jambo ambalo wenyeji wenyewe wengi hawalijui. Maneno kama ishirini ya aina hii, Frist (muda wa mwisho), Antrag (ombi), Nachweis (uthibitisho), fehlende Unterlagen (nyaraka zinazokosekana), yakikaa kichwani yanakulinda kuliko kozi nzima ya kuagiza kahawa. Ningekuwa na mamlaka ya kupanga somo la kwanza la mtafiti mgeni, lingekuwa hili, na salamu zingefuata.

Hapo msomaji wa leo ananiambia: simu yangu inatafsiri. Naielekeza kamera kwenye barua, Kiswahili kinatokea. Ni kweli, na mwenye simu asiache kuitumia. Ni neema ambayo waliotangulia hawakuwa nayo. Lakini ifikirie kazi yake. Simu inatafsiri barua uliyokwisha kuamua kuisoma, haikuambii ipi kati ya barua sita za wiki hii ni ya kuogopwa. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha ya njano haimo ndani ya barua, na aliyetupa bahasha amekwisha kuitupa tarehe. Tena simu haijibu simu. Zahanati ya daktari hupokea wagonjwa kwa miadi, na miadi mara nyingi huombwa kwa kupiga. Anayepokea ana foleni, anasema haraka, anataka jina, tarehe ya kuzaliwa, bima na shida yako. Usiku ukiumwa na jambo si la kufa, namba ni 116117. La dharura, 112. Kwenye 112 utaulizwa uko wapi, na wakati huo jina la mtaa wako ndilo neno la Kijerumani linalokuhusu kuliko yote duniani. Lifanyie mazoezi kwa sauti ukiwa mzima, hadi mtu asiyekujua alielewe mara ya kwanza.

Kuna sababu nyingine inayogusa utafiti wenyewe, na hii haisemwi vya kutosha. Kila kitivo kina kanuni zake za kutunuku uzamivu, Promotionsordnung, na toleo lenye nguvu ni la Kijerumani. Humo mmeandikwa lugha unazoruhusiwa kuandikia tasnifu, nani anaweza kuwa mtahini, kama unadaiwa muhtasari wa Kijerumani, na namna ya kuchapisha kazi kabla hujaruhusiwa kujiita daktari. Mtu akiyasikia haya kwa kuambiwa na mwenzake tu, na mwenzake alitoka kitivo kingine, anaweza kufika mwaka wa tatu akiwa amejipanga vibaya. Halafu waangalie watu wa maabara yenyewe. Profesa na watafiti wanasema Kiingereza vizuri. Je, fundi wa maabara? Mtunza stoo ya kemikali? Katibu wa idara, mlinzi wa jengo, yule mzee wa matengenezo anayeitwa Hausmeister? Katika miji ya mashariki kama Leipzig, Dresden, Jena na Halle, waliosoma shule kabla ya 1990 walifundishwa Kirusi kama lugha ya kwanza ya kigeni. Wengi wao Kiingereza hawakipendi au hawakijui, nao ndio wenye funguo, ndio wanaojua mashine ipi inasumbua siku za baridi na fomu ipi haihitaji saini tatu. Mtafiti anayeweza kumwomba fundi msaada kwa Kijerumani chake kibovu, na kumshukuru kwa lugha yake, hupata mlango uliofungwa kwa wengine. Sisi tunalijua hilo vizuri. Nani hajaona mgeni Kariakoo anavyopokelewa akianza na “habari za asubuhi” badala ya kuuliza bei kwa Kiingereza?

Na adabu imo ndani ya lugha. Mswahili aliyelelewa na shikamoo hatashangaa kwamba Kijerumani kina “wewe” mbili, du ya watu waliozoeana na Sie ya heshima. Kwa Kiingereza tofauti hiyo haionekani, hivyo aliyeishi Ujerumani kwa Kiingereza tu anaweza kuvunja heshima au kudhani amedharauliwa pasipo sababu. Anza na Sie kwa kila mtu mzima asiye mwanafunzi mwenzako, umwite kwa Frau au Herr na jina la ukoo, ukasubiri mwenye umri au cheo akupe du yeye mwenyewe. Akikupa, ujue amekusogeza karibu. Ipokee kama vile mkubwa kwetu anapokuambia uache kumwita mheshimiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Uzamivu una miaka mitatu au minne, ufadhili unahesabika kwa miezi, msimamizi anataka sura ya pili. Nani ana nafasi ya kunyambua vitenzi? Ninaliheshimu pingamizi hili kwa sababu linatoka kwa watu wachapakazi. Lakini tufanye hesabu. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 48, ni saa 120 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye bidii zinatosha kuivuka ngazi ya mwanzo, A1, na kuingia ya pili, A2, ambayo ndiyo ngazi ya kununua, kuomba miadi, kujaza fomu na kuelewa unachoulizwa. Weka upande wa pili wa mizani saa zinazopotea kwa kutokujua: asubuhi nzima kwenye ofisi ambayo hukuhitaji kwenda, safari ya pili kwa sababu ya karatasi moja, jioni tatu za kumtafuta mtu wa kukutafsiria, na usingizi unaokatika kwa barua usiyoielewa. Hizo hakuna anayeziandika kwenye ratiba, ila zinalipwa. Sisemi kila mtu afike ngazi ya juu ya C1. Kwa mtaalamu wa baiolojia au uhandisi, tasnifu ibaki ya Kiingereza, makala za majarida zibaki za Kiingereza, na Kijerumani kikifika ngazi ya kati, B1, kimefanya kazi yake. Anayetafiti historia yetu ni jambo jingine: kumbukumbu za utawala wa Wajerumani Afrika Mashariki, zikiwemo za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ziko kwa Kijerumani, kule Berlin kwenye Nyaraka za Taifa na hapa Dar es Salaam pia, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono wa kizamani ambao hata Wajerumani wa leo hujifunza upya kuusoma. Huyo hana hiari.

Wanaosema lugha yenyewe ni ngumu mno, ninawajibu kwamba wanaijadili kwa masikio ya Waingereza. Mwingereza huogopa jinsia tatu za nomino za Kijerumani kwa sababu kwake kitu ni kitu. Sisi tumekua na ngeli. Mtoto wa miaka minne wa Tanga anasema kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea, na hajui kwamba amefanya kazi kubwa: nomino imeamuru kivumishi na kitenzi vifuate. Kijerumani kinataka jambo la jamaa hiyo, na kwa makundi machache zaidi ya yetu. Ugumu wa kweli uko kwenye miisho inayobadilika kulingana na kazi ya nomino katika sentensi. Huo sikatai, unataka mwaka na uvumilivu. Hesabu zao husema mdogo kabla ya mkubwa, 53 ikawa “tatu na hamsini”, na hapo wengi huandika namba ya simu au ya chumba kinyumenyume. Aliyepita madrasa ameshauona mpango huo kwenye Kiarabu. Mtego mkubwa kwa Mswahili uko kwenye saa. Mjerumani akikupa miadi ya halb neun anasema nusu inayokwenda tisa, yaani saa nane na nusu kwa saa yao, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Ukitafsiri mbio ukadhani ni tisa na nusu, utafika saa tatu na nusu, saa nzima baada ya miadi, kwenye nchi ambayo dakika kumi huombewa radhi. Andika miadi kwa tarakimu, 8:30, ukamwonyeshe aliyekupa. Na kama unataka kutiwa moyo, kumbuka kwamba maneno mawili umekuwa ukiyatumia tangu utotoni: shule ni Schule yao, na hela imetoka kwenye sarafu ya Heller iliyokuwa ikitumika kwetu enzi za utawala wao.

Enzi hizo zenyewe ndizo zinazoleta pingamizi la mwisho, na hili ni la moyoni. Waliotutawala, waliozima Maji Maji kwa njaa na moto, kwa nini leo tujifunze lugha yao? Siwezi kulijibu kwa kulipuuza. Ila historia ina upande ambao unasaidia kufikiri. Wajerumani walipotaka kutawala Afrika Mashariki hawakutegemea wakalimani peke yao. Mwaka 1887 Berlin ilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki, na maofisa wakaketi kusoma Kiswahili. Miongoni mwa waliowafundisha walikuwamo watu wetu. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha huko kati ya 1891 na 1895, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika 1900, akafundisha, na maandishi yake ndiyo shina la kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka 1903. Mtoro aliishi Berlin kama wengi mtakavyoishi, akifanya kazi ya elimu mbali na kwao. Alioa Mjerumani, na walipojaribu kurudi pamoja Afrika Mashariki, wenye mamlaka waliwazuia. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia huko 1927. Aliuona ubaguzi kwa macho yake. Tunajua mengi juu yake leo kwa sababu aliweza kuandika, kulalamika na kudai ndani ya lugha ya waliokuwa juu yake. Asiyejua lugha ya mahali hutegemea hisani ya mkalimani, hata katika kudai haki. Kujifunza Kijerumani hakumsamehe mtu yeyote.

Mwingine atasema, mimi narudi nyumbani, itanifaa nini baadaye? Ikufae huko huko, miaka hiyo minne. Yatosha.

Namna ya kuanza haina siri. Anza kabla ya safari: taasisi za lugha ya Kijerumani za Goethe-Institut ziko Nairobi na Dar es Salaam, na Deutsche Welle inatoa kozi ya bure kwenye intaneti iitwayo Nicos Weg, kuanzia A1 hadi B1. Aliyepata ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, aulize mapema juu ya kozi ya lugha kabla ya masomo, kwa sababu programu zao nyingi huilipia, na wapo wanaoikataa ili “waanze utafiti haraka”. Hilo ndilo kosa ninaloliandikia makala hii. Ukishafika, karibu kila mji una Volkshochschule, shule ya umma ya watu wazima yenye madarasa ya jioni kwa ada nafuu. Jioni hizo zina faida ya pili. Desemba jua la Berlin linazama kabla ya saa kumi jioni, Jumapili maduka yamefungwa, na mtu aliyetoka nchi ambayo giza huingia saa moja mwaka mzima anaweza kujifungia chumbani tangu mchana bila kujua kwamba ameanza kuugua kwa upweke. Darasa la Jumanne na Alhamisi linakutoa nje, linakukalisha na Msiria, Mkolombia na Mvietinamu ambao nao wanagugumia, na hakuna anayekucheka.

Usisahau pia kwamba una kitu cha kubadilishana. Kiswahili kinafundishwa kwenye vyuo vikuu vya Leipzig, Bayreuth, Hamburg na Humboldt kule Berlin, na wanafunzi wake wanatafuta kwa udi na uvumba mtu wa kuzungumza naye. Bandika tangazo kwenye ubao wa idara inayofundisha Kiswahili: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani, kila wiki. Katika saa yako usiongelee hali ya hewa. Toa barua zote za wiki mezani, na bahasha zake.

Maabara inahitaji ujasiri mdogo tu. Saa nne asubuhi watu wanakutana jikoni kwa kahawa, wanaongea Kijerumani, wewe unaingia, na kwa heshima wote wanageukia Kiingereza. Heshima hiyo, ikirudiwa kila siku kwa miaka minne, inakuacha nje. Waombe mapema, kwa sentensi uliyoiandaa, waendelee kwa lugha yao hadi kikombe kiishe, wakurekebishe ukikosea. Kikombe kikiisha, rudini wote kwenye Kiingereza na kwenye data.